Kiingereza Mpakani Tunduma: Habari za Somo na Mtihani Wake

Jioni ya leo nataka kuwaongoza mpaka Tunduma, mji ulio mwisho wa nchi upande wa kusini-magharibi, mahali ambapo barabara itokayo Dar es Salaam huvuka na kuingia Zambia. Mtu aendaye huko huona malori yamepangana kwa maili nyingi, na ng'ambo ya mpaka huona mji wa pili, Nakonde, ulio karibu hata mgeni asingejua kwamba amehama nchi kama asingeonyeshwa. Wenyeji wa pande zote mbili ni Wanyamwanga. Huoana, huzikana, na lugha yao ni moja. Lakini watoto wao wakienda shule, huyu husomeshwa kwa Kiswahili na yule, kwa miaka mingi, amesomeshwa kwa Kiingereza.

Basi wazazi wa Tunduma huuliza swali ambalo si jepesi. Kijana wetu, husema, amesoma Kiingereza miaka mingi, ameshinda mtihani, na cheti anacho. Mbona dereva mgeni akimwuliza njia hawezi kumjibu? Mbona karatasi ya forodha akipewa huizungusha mkononi kama mtu aliyepewa ramani ya nchi asiyoijua? Wako wanaosema kwamba kosa ni la mtoto, na wako wanaosema kwamba kosa ni la mwalimu. Mimi nadhani tukifuata habari za kale hatua kwa hatua, tutaona ya kwamba sehemu kubwa ya kosa imelala katika mtihani wenyewe. Kwani mtihani ni kama usukani, na chombo hufuata usukani.

Kwanza yafaa tujue mpaka ulivyokuja. Mwaka 1890 Waingereza na Wadachi walipatana Ulaya juu ya nchi hizi, wakaugawa upande huu kwa mstari utokao Mto Songwe, katika Ziwa Nyasa, mpaka Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 watu wao wakaja kuupima mstari huo ardhini. Wanyamwanga hawakuulizwa. Upande wa Wadachi, wamisionari wa Moravian walifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, chini ya Traugott Bachmann, nao wakashika sana lugha ya wenyeji, yaani Kinyiha, wakaandika na kutafsiri kwa lugha hiyo. Upande wa Waingereza, wamisionari wa Scotland waliotoka Livingstonia walikuwa wamekwisha kujenga Mwenzo katikati ya miaka ya 1890, mwendo mfupi tu kutoka hapo palipo Tunduma leo. Hao wa Scotland walikuwa na chuo kikubwa huko Livingstonia, na katika chuo hicho wanafunzi hodari walifundishwa Kiingereza mpaka wakaweza kukisoma na kukiandika vyema.

Sasa angalieni jambo lililotokea Mwenzo, kwani ndilo ufunguo wa maongezi yetu. Alikuwako mwalimu mmoja, Donald Siwale, aliyesoma Mwenzo na kisha Livingstonia. Mwaka 1912 yeye na wenziwe, miongoni mwao David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda aliyekuwa Rais wa kwanza wa Zambia, walianzisha chama cha kuangalia mambo ya watu wao, ambacho kiliitwa Chama cha Ustawi cha Mwenzo. Vita vya mwaka 1914 vikakizima, lakini mwaka 1923 wakakifufua. Katiba yao waliiandika kwa kufuata mfano wa chama cha wenzao wa Nyasa ya Kaskazini. Walikutana, wakazungumza, wakaandika maneno yao, wakayapeleka kwa wakuu wa Serikali. Na moja katika mambo waliyoyalalamikia lilikuwa kodi, iliyowaelemea watu wa vijijini.

Watu hawa hawakujifunza Kiingereza kwa ajili ya kujaza nafasi tupu katika sentensi. Walikuwa na neno la kusema na mtu wa kuambiwa, na mtu huyo hakusikia lugha nyingine. Kwa hiyo Kiingereza mikononi mwao kilikuwa kama jembe: kikipata kutu, huonekana mara moja shambani. Barua isiyofahamika hairudishiwi jibu. Huo ndio uliokuwa mtihani wao, na mtahini wao alikuwa yule aliyeipokea barua.

Twende sasa upande wa pili wa mstari. Wadachi walitumia Kiswahili katika kazi za Serikali na katika shule zao, na hata neno letu hili la "shule" tumelipata kwao. Vita vilipokwisha, nchi ikawa Tanganyika chini ya Waingereza, na wamisionari wa Moravian waliokuwa wameondolewa walingojea mpaka katikati ya miaka ya 1920 ndipo wakarudi. Katika muda ule wamisionari wa Scotland wa Livingstonia waliangalia kazi yao upande huu. Serikali mpya haikukiacha Kiswahili. Mwaka 1930 ilisimamishwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili kwa nchi zote za Afrika ya Mashariki, na Kiswahili kikawa lugha ya madarasa ya chini. Kiingereza kikawekwa madarasa ya juu, katika shule chache zilizochagua wanafunzi wachache, na kilele chake kilikuwa shule ya Serikali ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, na baada ya hapo Makerere.

Mpango huo ulikuwa na hekima yake, kwa kuwa mtoto alianza kusoma kwa lugha anayoielewa. Lakini ulizaa jambo la pili ambalo halikukusudiwa. Kiingereza, kwa kuwa kilikuwa adimu, kikawa ngazi. Aliyekijua alipata ukarani, na asiyekijua alirudi kwao. Na penye ngazi nyembamba pana lazima ya mlinzi wa kuchagua apandaye. Mlinzi huyo akawa mtihani. Hapo ndipo somo lilipoanza kubadilika. Mwalimu hakuuliza tena, "Kijana huyu ataweza kusema nini?" bali aliuliza, "Ataulizwa nini?"

Mitihani mikubwa ya siku zile ilitoka Cambridge, katika Uingereza. Bodi ya Cambridge ilianza kutahini wanafunzi wa shule mwaka 1858, na katika miaka ya 1860 ilikuwa imekwisha kupeleka karatasi zake ng'ambo ya bahari. Nawaomba msikilize habari moja ya ajabu kidogo. Mwaka 1913 bodi hiyo hiyo iliweka mtihani mpya wa Kiingereza kwa wageni waliotaka kuwa walimu wa lugha hiyo. Ulichukua saa 12. Watahiniwa walikuwa watatu tu, na wote watatu walishindwa. Lakini katika mtihani huo mlikuwamo imla, na kusoma kwa sauti, na mazungumzo ya ana kwa ana. Maana yake, tangu zamani wenye lugha walijua kwamba haitoshi kumpima mtu kwa kalamu peke yake, sharti asikilizwe. Mbona basi sikio halikusafiri pamoja na karatasi? Sababu ni nyepesi kufahamu. Karatasi huingia ndani ya bahasha ikapakiwa melini, na gharama yake ni ndogo. Sikio la mtahini halipakiwi. Kilicho rahisi kubebwa ndicho kilichobebwa, na kilicho rahisi kusahihishwa ndicho kilichofundishwa.

Alikuwako katika siku hizo Mwingereza mmoja mwenye akili, Michael West, aliyefanya kazi ya elimu huko Bengal, katika Bara Hindi. Mwaka 1926 alitoa kitabu juu ya watu wenye lugha mbili, na ndani yake aliuliza swali ambalo mpaka leo lafaa kuandikwa juu ya mlango wa kila shule. Aliona kwamba watoto walio wengi hawafiki mwisho wa masomo. Huacha njiani kwa umaskini au kwa kushindwa. Akauliza: mtoto atokaye katikati ya safari, atoka na nini mkononi? Kama somo limepangwa hata faida yake ionekane kwa yule tu afikaye kileleni, basi wale wote waliobaki njiani wamepoteza miaka yao bure. Ndiyo maana West alitaka watoto waanze kwa kusoma vitabu vyepesi vyenye maneno machache yaliyochaguliwa, ili hata aachaye mapema awe amepata kitu. Mwaka 1953 alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yatumikayo zaidi kuliko mengine.

Nchi ikapata uhuru mwaka 1961. Mwalimu Julius Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la mwaka 1967, alieleza kwamba mwaka ule wa uhuru wanafunzi wa sekondari walikuwa 11,832 tu katika nchi nzima, na waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176. Katika andiko hilo hilo alilaumu shule zilizofundisha kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka huo huo wa 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia madarasa yote ya shule za msingi, lakini sekondari ikabaki na Kiingereza. Mwaka 1971 Tanzania ikajitoa katika baraza la mitihani la Afrika ya Mashariki, na mwaka 1973 Baraza la Mitihani la Tanzania likaundwa kwa sheria. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likakataa desturi ya kumpima mtoto kwa karatasi ya siku moja, na tangu mwaka 1976 kazi za mwaka mzima zikaanza kuhesabiwa pamoja na mtihani. Haya yote yalikuwa mageuzi makubwa. Walakini katika somo la Kiingereza sikio halikurudi. Karatasi ilibadili mwenyewe, haikubadili tabia.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Jackson Makweta, ilitoa shauri kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulipokea shauri hilo. Kisha Waingereza wawili, Clive Criper na Bill Dodd, walipita mashuleni kupima Kiingereza cha wanafunzi, wakatoa taarifa yao mwaka 1984. Waliyoyaona yalisikitisha. Kwa kipimo chao, katika wanafunzi wa kidato cha nne, yaani wanaomaliza, ni kama mmoja tu katika kila kumi aliyekuwa amefika mahali ambapo mtu angetazamiwa kuanza kusoma masomo mengine kwa lugha hiyo. Nasema kuanza, wala si kumaliza! Wale tisa wengine walikuwa wamekaa miaka minne wakisikiliza jiografia na elimu-viumbe kama mtu asikilizaye ngoma ya kijiji cha mbali: mdundo waufikia, maneno hayaufikii moyo. Hata hivyo waandishi wale hawakushauri kuacha Kiingereza, bali kukitilia nguvu. Na miaka ya mwisho ya 1980 Uingereza ikasaidia mradi ulioleta vitabu vyepesi vya hadithi katika shule za sekondari. Lilikuwa jambo jema. Lakini mtihani haukuuliza hata mara moja kama mtoto amesoma hadithi kwa furaha. Na kitu kisichoulizwa hukaa kabatini.

Hapa labda mzazi wa Tunduma atasema, "Basi dawa ni kufanya kama jirani zetu, tuanze na Kiingereza tangu siku ya kwanza." Naomba asiharakishe. Mwaka 1966, baada ya uhuru wao, Wazambia walifanya hivyo hivyo, wakaweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Matokeo yalikuwa nini? Katika kipimo cha kusoma kilichofanywa mwaka 1995 miongoni mwa watoto wa darasa la sita, ilionekana kwamba ni kama robo tu waliofikia kiasi cha chini cha kuweza kusoma. Ndipo mwaka 1998 wakajaribu njia nyingine katika wilaya za Kasama na Mungwi, katika jimbo lile la kaskazini ambalo Nakonde nayo ilikuwamo wakati huo: watoto wakafundishwa kwanza kusoma kwa Kibemba, huku Kiingereza wakikianza kwa kusema. Jaribio lilifaulu hata likapelekwa nchi nzima, na tangu mwaka 2014 lugha za kwao zikawekwa kuwa lugha za kufundishia mpaka darasa la nne. Kwa hiyo, wakati sisi tulipokuwa tukitamani ya ng'ambo ya mpaka, wa ng'ambo walikuwa wakirudi kwenye njia iliyofanana na ya kwetu. Ya jirani huwa tamu mpaka uonje.

Turudi kwetu. Tangu mwaka 2004 Serikali iliongeza shule za sekondari kwa mbio kubwa, shule za kata, hata wanafunzi wa sekondari waliokuwa zaidi kidogo ya laki nne mwaka ule wakapita milioni moja na nusu kufikia mwaka 2010. Jambo la kushukuru. Kwani watoto wa Momba, na Ileje, na Mbozi, ambao baba zao hawakuwa na nafasi, waliipata. Mwaka 2016 wilaya hizo, pamoja na wilaya ya Songwe na mji wa Tunduma, zilitengwa na Mbeya zikawa Mkoa wa Songwe, makao yake Vwawa. Lakini watoto wakiwa wengi, kusahihisha kwawa kazi ngumu. Na mwaka 2012 mtihani wa kumaliza shule ya msingi ukaanza kusahihishwa kwa mashine. Mtoto alitia penseli juu ya herufi ya jibu alilolichagua, basi. Na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka huo huo, yalipotangazwa mara ya kwanza Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali ikaunda tume, na matokeo yakapangwa upya. Sababu za msiba ule zilikuwa nyingi, wala sitaitwika lugha peke yake mzigo wote. Lakini hapana shaka kwamba mtoto asiyefahamu swali hawezi kuonyesha kwamba analijua jibu.

Sasa yafaa tuseme la kufanya, maana kulaumu bila kushauri ni kazi ya mvivu.

La kwanza, mtihani wa Kiingereza uwe na sikio. Mtoto asimame mbele ya mwalimu wa shule ya jirani kwa dakika tano: asome aya fupi kwa sauti, kisha aulizwe na ajibu. Watu watasema kwamba kutakuwa na upendeleo, na gharama, na walimu wengine hawasemi vizuri wenyewe. Maneno haya yana uzito. Upendeleo utapunguzwa kwa walimu kubadilishana shule, na kwa kuweka alama hizo ziwe sehemu ndogo ya hesabu mpaka desturi ikomae. Gharama ipo, lakini miaka ya kusoma isiyozaa neno moja kinywani ni gharama kubwa zaidi. Na mwalimu asiyesema vizuri, siku atakapojua kwamba mtoto wake atasikilizwa, atatafuta kujifunza. Leo hana sababu.

La pili, karatasi ya kuandika iombe kazi zilizo na mwenye kuzipokea, kama zilivyokuwa barua za Mwenzo. Mtoto wa Tunduma aandike maelezo ya mzigo uliochelewa, au barua kwa mwenye duka wa Nakonde, au habari ya ajali aliyoiona barabarani. Asahihishwe kwanza kwa kuuliza, "Je, msomaji angefahamu?" na baadaye ndipo yahesabiwe makosa ya sarufi.

La tatu, masomo mengine yasigeuzwe kuwa mtihani wa Kiingereza kwa mlango wa nyuma. Kati ya mwaka 2013 na 2016 walimu wa vyuo vikuu vya hapa na vya Uingereza walijaribu, katika Dodoma, Lindi na Morogoro, vitabu vya kidato cha kwanza vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi, vikiwa na maneno magumu yaliyoelezwa kwa Kiswahili. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili hapaswi kutupwa mtoni siku ya kwanza na kuambiwa aogelee. Apewe daraja, na Kiswahili, ambacho amekwisha kukijua, ndicho mti wa kujengea daraja hilo.

Na la nne ni lile swali la Michael West. Kila mwisho wa mwaka mwalimu ajiulize: mtoto huyu akiacha shule leo, atoka na nini mkononi? Kama jibu ni kwamba anajua kuchagua herufi moja kati ya tano, tumemdhulumu. Kama jibu ni kwamba aweza kusoma kibao cha dawa, kumwelekeza mgeni, na kuandika barua itakayopata majibu, basi hata akishindwa kupanda ngazi, hakupoteza miaka yake.

Wasikilizaji wangu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita walimu wachache, karibu sana na mahali yanaposimama malori ya Tunduma leo, walichukua lugha ya kigeni wakaitumia kutetea watu wao. Hawakuwa na maabara wala mashine. Walikuwa na jambo la kusema, na walifundishwa kulisema. Watoto wetu nao wana mambo ya kusema; mpaka ule, na soko lile, na barabara ile huwapa mambo hayo kila siku. Kazi yetu ni kuwafundisha kuyasema, kisha kuwasikiliza. Wahenga walinena, asiyejua maana haambiwi maana. Lakini na sisi wenye kupima tujue maana ya tunachokipima.